Maswali ya Wasomaji: Siku Tisa Chumbani, na Siku Zinazofuata

Barua nne za mwezi huu zimetoka katika vijiji vya kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya Mto Sabaki, na zote zinauliza kuhusu watu wanaojaribu kuacha unga, yaani heroini, au pombe. Nimezifupisha na kuondoa majina. Neno "teja", jina la dharau la mraibu, nalo nimeliondoa katika barua mbili, wala si kwa sababu ya adabu tu: mtu anayeitwa hivyo sokoni hatakanyaga zahanati ambayo mhudumu wake ni mtoto wa jirani.

Barua ya kwanza: Assalamu alaykum. Ninaishi Mambrui, na mwanangu wa pili ana miaka 27. Ametumia unga kwa miaka sita, mwanzo kwa kuuvuta, sasa kwa kujidunga. Baba zake wadogo walimfungia chumbani siku tisa. Alilia, akatapika, hakupata usingizi, mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikamwisha. Alipotoka alioga, akala, akaenda msikitini, nasi tukasoma maulidi ya shukrani. Siku ya kumi na nane alirudia, akakutwa nyuma ya nyumba midomo imegeuka rangi, akaokolewa kwa bahati tu. Sasa baba zake wanataka kumpeleka shambani, mbali na pwani, kwa miezi mitatu. Binti yangu anasema tumpeleke Malindi kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, lakini jirani ananiambia hiyo ni kumtoa kwenye unga wa mtaani na kumtia kwenye unga wa serikali. Nauli ya kila siku nayo ni mtihani. Nifanye nini?

Waalaykumu salaam, dada yangu, na pole kwa uliyoyaona nyuma ya nyumba yako.

Shemeji zako hawakuwa na nia mbaya, na kijana wako hakuwadanganya alipotoka chumbani akiwa na furaha. Siku ile alikuwa ameacha kweli. Kosa lilikuwa kuzihesabu siku zile tisa kuwa ndiyo tiba. Arosto ya unga huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na baada ya wiki moja hivi mwili huwa umekwisha kujisafisha. Kinachobaki hakionekani na mtu aliyesimama mlangoni: usingizi uliovurugika, moyo usiofurahia kitu, na hamu inayozuka ghafla anapokutana na rafiki wa maskani au anaposhika noti mkononi. Hayo huchukua miezi mingi, na kwa wengine miaka.

Liko jingine lililomfikisha kijana wako karibu na kaburi, nalo ndilo ningependa shemeji zako walisome wenyewe. Mwili wa mtu anayetumia unga kila siku hujifunza kuuhimili, na anapokaa bila unga kwa siku kadhaa, mwili husahau. Kete ileile ya unga iliyokuwa ikimtuliza kabla ya kufungiwa inaweza kumzimia pumzi baada ya kutoka. Kwa sababu hiyo siku za kwanza baada ya kutoka chumbani, jela, au hata kituo cha kurekebisha tabia ndizo zenye vifo vingi. Miezi mitatu ya shambani haibadilishi hesabu hiyo. Inaisogeza mbele tu mpaka siku atakaposhuka garini. Sisemi shamba halina faida, kwa kuwa hewa nyingine na kazi ya mikono humsaidia mtu, lakini likiwa peke yake, bila dawa na bila mpango wa siku ya kurudi, linaweza kuwa hatari kuliko kubaki nyumbani.

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Methadoni ni ya jamii ya afyuni kama ulivyo unga, mwili huizoea, na mtu akiikatiza ghafla atapata arosto. Nusu aliyoiacha ni hii: unga humpandisha mtu na kumshusha mara tatu au nne kwa siku, na kila unaposhuka inambidi atoke kutafuta pesa ya kete nyingine, hata kwa kuuza sufuria ya mama yake. Methadoni hunywewa kama maji ya dawa, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi, na humshika kwa saa 24 au zaidi. Kiasi kikishakaa sawa, haimlevyi wala haimwachi na arosto, na hata akijaribu unga juu yake hapati kile alichokuwa akikitafuta. Kwa hiyo humrudishia mchana wake mzima, ambao sasa anaweza kuutumia kulala, kula, kufanya kazi na kusikilizana na ninyi.

Dawa hiyo si jaribio lililobuniwa kwa ajili yetu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Jirani zetu wa Tanzania walianza kuitoa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, Kenya ikafuata katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi ikapata kliniki yake mwaka 2015, kabla ya miji mingi mikubwa kuliko huu wetu. Kwa wanaouliza habari ya dini, na najua Mambrui watauliza, hukumu waachiwe masheikh; mimi nakumbusha tu kwamba Iran, ambayo haina mzaha na ulevi, imekuwa na kliniki za methadoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpeleke sheikh wenu akazungumze na daktari kabla hajaulizwa fatuwa, ili ajue anaulizwa juu ya kitu gani.

Kuanza kwenyewe kuna hatua zake. Kwa kawaida kijana hupitia kwanza kwa shirika linalofanya kazi na waraibu, ambalo humwandaa na kumsindikiza. Hapa Malindi, Omari Project imekuwa katika kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Kliniki itampima, pamoja na virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, kwa sababu sindano za kuazimana huacha mengi nyuma yake. Ataanza na kiasi kidogo, kisichozidi miligramu 30, kisha kitapandishwa polepole kwa wiki kadhaa. Katika wiki mbili za mwanzo mwangalieni kwa karibu sana, kwani dawa hujilimbikiza mwilini, na akichanganya na pombe au bugizi, yaani tembe za usingizi, anaweza kulala asiamke. Akiwa anatumia dawa za kifua kikuu au za Ukimwi, daktari lazima ajue, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya methadoni na kumrudishia arosto bila yeye kuelewa sababu. Msiulize ataiacha lini kabla ya mwaka mmoja kupita. Wako wanaoihitaji kwa miaka mingi, na si aibu.

Sasa nauli, ambayo wengi huitaja mwisho kana kwamba ni jambo dogo. Kwa mtu wa Malindi mjini, methadoni ni dakika kumi za kutembea. Kwa mtu wa Mambrui ni safari ya kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, na wengi wanaoiacha hawashindwi na dawa, hushindwa na barabara. Katika kliniki za serikali dawa yenyewe imekuwa ikitolewa bure. Basi kaeni kama ukoo, na zile fedha zilizotengwa kwa safari ya shambani na posho ya miezi mitatu mzigeuze ziwe nauli. Msimkabidhi ya wiki nzima mkononi. Tafuteni dereva mmoja wa bodaboda au tuktuk mnayemwamini, mlipeni kwa M-Pesa, na muulize kliniki kama wako wengine wa upande wenu wanaoweza kuchangia gari moja. Akikosa siku moja, aende kesho yake. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, asinywe kiasi chake cha kawaida kwa kuficha; aseme ukweli ili daktari akishushe kwanza, kwa sababu ileile ya mwili kusahau.

Nyumbani, msimpekue mifuko kila jioni, wala msimwachie pochi mezani kumjaribu. Asilale peke yake katika chumba cha uani chenye komeo la ndani. Akiteleza, na wengi huteleza, mpokeeni kwa maneno yatakayomfanya aseme mapema, kwa sababu anayeficha hutumia peke yake, na anayetumia peke yake hana wa kumwokoa.

Jifunzeni pia la kufanya ikitokea tena kama ile siku ya kumi na nane. Pumzi nzito ya kukoroma inayokuja kwa kuchelewa, midomo na kucha zilizobadilika rangi, na mtu asiyeamka hata akifinywa: hizo ndizo dalili. Msimmwagie maji, msimpe maziwa wala maji ya chumvi. Mwiteni kwa nguvu, tumeni mtu atafute gari, na kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano, mkimbana pua na kuinamisha kichwa chake nyuma. Akipumua, mlazeni kwa ubavu. Iko dawa iitwayo naloksoni, inayouondolea unga nguvu ndani ya dakika chache. Ulizeni kliniki na shirika jinsi ya kuipata na ni nani karibu nanyi aliyefundishwa kuitumia. Nguvu yake hudumu kama saa moja tu, pengine zaidi kidogo, huku unga ukibaki mwilini, kwa hiyo hata akiamka na kutukana lazima afikishwe hospitalini.

Barua ya pili: Mimi ni mzee wa mtaa upande wa Magarini. Mgema mmoja kijijini kwetu, mnywaji wa miaka mingi, alikula kiapo mbele ya wazee kwamba hatagusa tembo, pombe ya mnazi, tena. Siku ya tatu alitetemeka, akaanza kuzungumza na watu ambao hawapo, akashikwa na kifafa, akafa kabla hatujapata gari. Watu wanasema kiapo kilimrudi. Wako wengine watatu wanaotaka kuacha, nami naogopa kuwaruhusu.

Mzee wangu, shikamoo. Kiapo hakikumuua, na ni vyema ulitamke hilo barazani kwa sauti yako mwenyewe, maana mjane wake anaishi na maneno hayo. Alikufa kwa kuacha pombe ghafla. Jambo hili wengi wanalielewa kinyume: arosto ya unga inatisha kuitazama, lakini mara chache humuua mtu mzima mwenye afya, ilhali arosto ya pombe huua, na ya tembe za usingizi kama bugizi vilevile. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kule kuona vitu visivyokuwepo, pamoja na homa na jasho, huja kati ya siku ya pili na ya nne.

Waulize hao watatu mambo mawili. Je, wakiamka mikono hutetemeka mpaka wapate funda la kwanza? Je, wamewahi kupata kifafa walipokosa pombe? Atakayejibu ndiyo kwa lolote asiache kwa ghafla akiwa kijijini. Apelekwe hospitali, ambako atapewa dawa ya kuzuia kifafa kwa siku chache na vitamini B1, ambayo pombe humaliza mwilini na ambayo kuikosa kunaweza kuharibu kumbukumbu kabisa. Mpaka siku atakapofika huko, apunguze kidogokidogo, asikate kwa pamoja. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kumwandikia rufaa, na namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo.

Lakini hospitali itamrudisha baada ya wiki moja, na hapo ndipo wewe unapohitajika kuliko daktari. Ukiwa na mgema miongoni mwa hao watatu, fikiri anarudi wapi: anapanda mnazi asubuhi na jioni, kibuyu kiko kiunoni, wateja wako uani. Hawezi kuacha kunywa huku akiendelea kugema. Tena hawezi kuacha kugema kesho akauza nazi keshokutwa, kwa sababu kole lililogemwa halizai, na ua la leo huchukua karibu mwaka mmoja mpaka liwe nazi iliyokomaa. Mwaka huo mmoja wa njaa ndio unaomrudisha juu ya mti. Wazee mkiweza kumtafutia kibarua cha mwaka huo, au ndugu akamgemea minazi yake kwa kugawana huku tembo likiuzwa mbali na uwanja wake, mtakuwa mmefanya ambalo hospitali yoyote haiwezi kufanya. Na viapo vya hadharani, mviache? Mimi ningeviacha. Aliyeapa mbele ya watu mia akiteleza huona haya kurudi kwao, na ninyi ndio anaowahitaji.

Barua ya tatu: Mpwa wangu anatumia unga na ana mimba ya miezi minne. Ameniapia ataacha wiki hii kwa ajili ya mtoto. Nimsaidieje? Shangazi, Gongoni.

Dada, mzuie asiache ghafla. Najua inasikika kama wazimu, lakini arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Tiba inayopendekezwa kwa mjamzito ni methadoni pamoja na kliniki ya wajawazito, na miezi ya mwisho huenda kiasi kikahitaji kuongezwa kwa sababu mwili wake umebadilika, hilo lisiwatishe. Ajifungulie hospitalini, si nyumbani, na wakunga waambiwe mapema, maana mtoto anaweza kupata dalili za arosto katika siku za kwanza, kama kutetemeka, kulia sana na kunyonya kwa shida. Hutibika, ila anahitaji kuangaliwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Akiwa ametulia kwenye methadoni na hatumii unga, kwa kawaida anashauriwa kumnyonyesha, kwa kufuata maelekezo ya kliniki kama ana virusi vya Ukimwi.

Na uende naye mwenyewe, hasa siku za mwanzo. Foleni ya methadoni karibu yote ni ya wanaume, na msichana mwenye tumbo anayesimama peke yake pale huangaliwa kwa jicho ambalo linaweza kumfanya asirudi tena.

Barua ya nne: Nina miaka 31, ni mvuvi wa Ngomeni, na nimekuwa kwenye methadoni miezi saba sasa. Nina maswali matatu. Wenzangu wanakwenda dago, kuvua mbali kwa wiki kadhaa na kulala kambini, na nahodha ananitaka. Nataka kuposa, na sijui kama niseme. Na Ramadhani ikija, nitafungaje ilhali dawa ni ya asubuhi?

Mwanangu, miezi saba ya kutoka Ngomeni kila asubuhi! Nimeisoma barua yako mara mbili.

Dago nakwambia hapana kwa mwaka huu, na najua uzito wa ninachokisema, kwani kaskazi ndiyo inayolipa madeni ya kusi. Wiki tatu katika kambi ya wavuvi bila dozi ni arosto baharini, kisha unga wa kwanza utakaouona ufukweni utaukuta mwili umesahau. Usijaribu kupunguza mwenyewe ili uwahi msimu. Zungumza na daktari, umweleze kazi yako ilivyo. Huenda ipo njia kwa mtu aliyetulia muda mrefu, lakini uamuzi ni wake. Kwa sasa tafuta chombo kinachokwenda na kurudi siku hiyohiyo, ambacho nahodha wake atakubali uingie zamu ya alasiri, au ushike kazi ya kushona nyavu na kupokea samaki. Mapato yatapungua. Nahodha akikuuliza, si lazima umweleze ugonjwa wako. Mwambie una matibabu ya kila siku mjini.

Kuhusu posa, sema, na useme kabla ya mahari kutajwa. Mwambie binti kwanza, si baba yake, halafu yeye mwenyewe achague shangazi au somo wa kulipeleka kwa wazazi. Mpeleke kliniki siku moja akaone unachokunywa. Nenda pia mkapime damu, wote wawili. Na ukikutwa na homa ya ini ya aina ya C, ujue siku hizi kuna vidonge vinavyoiponya, mara nyingi kwa wiki 12. Ngomeni ni ndogo. Asipoisikia kwako ataisikia kisimani, na kisima hakitamwambia habari za miezi saba.

Ramadhani, dawa ikimezwa mchana inafunguza, hilo halina mjadala. Lakini kwa kuwa dozi moja hukaa mwilini siku nzima, daktari anaweza kuangalia kama saa yako ihamishwe iwe baada ya kufuturu, iwapo kliniki ina mtu wa kuitoa wakati huo na wewe una usafiri wa usiku. Isipowezekana, umo katika wale ambao Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, inawapa wagonjwa ruhusa, na masuala ya kulipa baadaye muulize sheikh wako. Usiruke dozi kwa siri ukidhani unazidisha ibada. Kumwona daktari kwa ajili ya hili kufanyike mapema mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi.